Meno Yasigusane

Mwalimu wa michezo alirudi nyumbani mchana wa jua kali akiwa amejifunga sweta kiunoni. Mama mkwe wake alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango wa uani, akichambua maharage. Aliinua macho, akaitazama ile sweta, kisha akayarudisha macho kwenye sinia. Mtu yeyote aliyewahi kuishi na bibi yule angekuambia kwamba hapo ndipo pa kujihadhari, anapoona kitu na kunyamaza.

"Leo kuna baridi huko shuleni?" aliuliza hatimaye.

"Kidogo, Mama."

"Hapa jua limetupasua vichwa."

Mwalimu alipita moja kwa moja bafuni, tumbo la miezi saba likimtangulia, akafungua maji. Asubuhi hiyo alikuwa uwanjani akiwapanga wasichana kwa mbio za kupokezana vijiti, akapiga chafya. Chafya moja tu. Lakini tangu amzae binti yake wa kwanza, chafya ilikuwa jambo la kujiandalia: apishanishe miguu, abane, ashike kitu. Leo ilimvamia akiwa na filimbi mdomoni na miguu mbalimbali, na suruali yake ya kijivu ya michezo ikalowa mbele ya darasa zima. Wengine hawakuona. Msichana mmoja aliona, akaangalia chini kwa adabu, na adabu ile ilimuuma Mwalimu kuliko kama mtoto yule angecheka.

Ndiyo maana juma lilelile, muuguzi wa kliniki ya wajawazito alipomuuliza kwa mazoea, bila hata kumtazama, "Mkojo unavuja?", Mwalimu hakujibu hapana kama alivyozoea kujibu. Alisema ndiyo. Alitegemea muuguzi ashtuke. Muuguzi hakushtuka, alimwonyesha mlango wa mwisho wa korido akaita mjamzito mwingine.

Habari hiyo aliitoa jioni, wakila. Mumewe alikuwa kinyozi, na wateja walimbandika jina la Taratibu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha wembe. Nyumbani pia alikuwa hivyohivyo, wa mwisho kumaliza sahani na wa mwisho kukasirika.

"Nimepelekwa kwa mtaalamu wa viungo," Mwalimu alisema.

"Umevunjika wapi?" mama mkwe akauliza.

"Sijavunjika, Mama. Ni mazoezi ya misuli ya huku chini. Ya kujiandaa kuzaa."

"Mazoezi ya kuzaa."

"Ndiyo."

"Wewe si ndiye mwalimu wa mazoezi?" Bibi alimgeukia mwanawe. "Umesikia? Mwalimu wa mazoezi anapelekwa kwenye mazoezi. Ni kama wewe upelekwe kunyolewa."

"Hata mimi hunyolewa, Mama," Taratibu alisema. "Kisogo changu sikioni."

Mama mkwe alicheka, mkono mdomoni na miguu ameipishanisha, kama alivyocheka siku zote. Kisha akarudi kwenye uzito wake. "Mimi nilipokuzaa wewe nilifundishwa na nani? Uchungu ulikuja, nikajikaza kisabuni, ukatoka. Haya, huko wanawafanyisha nini hasa?"

"Sijui. Naanza kesho."

"Ukirudi utaniambia," alisema. Halafu, akiona wote wawili wanamtazama, akaongeza, "Si kwamba nina haja nayo."

* * *

Chumba cha mwisho wa korido kilikuwa na kitanda chembamba, pazia, mkeka wa plastiki na mpira mkubwa wa kukalia. Juu ya meza palikuwa na mfupa wa nyonga wa plastiki, na ndani yake mtu alikuwa ameshonea kitambaa chekundu kutoka mbele hadi nyuma. Mtaalamu alikuwa mwanamke mfupi mwenye viganja vipana, anayeongea kama anayemwelekeza mgeni njia.

"Hii nyekundu ndiyo misuli tunayoizungumzia," alisema. "Imebeba kibofu, mji wa mimba na utumbo. Na mtoto atapita hapahapa katikati."

"Naijua," Mwalimu alisema. Aliijua kwelikweli. Mwalimu mwenzake alimwambia kwamba dawa ya kuvuja ni kukaza, naye akalichukua neno hilo kama alivyolichukua kila jambo lenye kujitutumua ndani yake. Alikaza kwenye foleni ya benki. Alikaza akisahihisha mitihani. Alikaza kwenye mikutano ya wazazi, na mwenyekiti alipopiga kelele sana alikaza zaidi. "Nafanya asubuhi hadi jioni," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayengoja pongezi.

Mtaalamu hakumpongeza. Alimweleza atakachopima na namna atakavyopima, akavaa glavu, akamwambia wakati wowote akisema basi, ni basi. Alivuta pazia.

"Kaza."

Mwalimu akakaza.

"Una nguvu," Mtaalamu alisema, na moyo wa Mwalimu ukatulia kidogo. "Sasa achia."

"Nimeachia."

"Bado."

Mwalimu alijaribu tena. "Nimeachia."

"Dada, hujaachia. Hapo umeongeza mapaja. Sasa umeongeza na taya. Unasaga meno."

Kweli alikuwa anasaga meno. Alikodolea macho dari, na uso ukamwaka moto. Katika maisha yake yote alikuwa amekimbia, ameruka, amebeba wenzake mabegani, na hakuna zoezi lililowahi kumshinda mbele za watu. Sasa alikuwa ameshindwa zoezi la kutofanya kitu.

Walipokaa tena, Mtaalamu alimwambia afunge ngumi. Akafunga. "Ibane sana. Ishikilie hivyohivyo." Waliongea mambo mengine, habari ya shule, habari ya binti yake, mpaka vidole vikaanza kutetemeka. "Sasa nataka uibane mara moja, kwa nguvu zako zote."

"Haina nguvu tena."

"Ndiyo chafya yako hiyo. Msuli uliofungwa siku nzima hauna cha kuongeza saa ya haja. Wapo wanaovuja kwa kulegea, na wao nawafundisha kukaza. Wewe unavuja kwa kubana. Na mtoto akija na kichwa chake akakuta hapa pamefungwa hivi, itakuwaje?"

Mwalimu alijua itakavyokuwa. Uchungu wa kumzaa binti yake ulianza asubuhi moja na kuisha asubuhi nyingine. Kila aliyeingia alimwambia sukuma, kaza, naye alisukuma na kufunga kwa wakati mmoja, mpaka mtoto akavutwa kwa kifaa na yeye akachanika vibaya. Walimshona muda mrefu kuliko alioutumia kumtazama mwanawe.

"Naogopa," alisema. Hakuwa amemwambia mtu neno hilo. "Nikichanika vile tena sitarudi uwanjani. Nitawafundisha nini watoto, nimejifunga sweta?"

Mtaalamu hakumwahidi kitu. Alimwuliza maswali mengine, moja likiwa la ndoa: je, akiwa na mumewe, inauma?

"Inauma."

"Anajua?"

"Hajui. Huwa nasema nimechoka."

"Basi una mzigo wa watu wawili, umeubeba peke yako," Mtaalamu alisema, akamwinamisha kwenye mkeka kumfundisha kuvuta pumzi hadi tumbo lipanuke na kule chini kushuke, bila kusukuma, kama mtu anayeanza kujisaidia haja ndogo bila haraka. "Kazi yako kuanzia leo ni kutobana."

"Hiyo siiwezi."

"Najua. Ndiyo maana utarudi."

* * *

Mama mkwe hakuwa na haja nayo, lakini Mwalimu alikuwa hajavua hata viatu alipoulizwa.

"Haya, mmefanya nini?"

"Nimefundishwa kupumua, Mama."

"Kupumua. Na siku zote ulikuwa unafanya nini?" Alitikisa kichwa kwa huruma ya uongo. "Unapumuaje? Nionyeshe, nicheke."

Mwalimu alimwonyesha. Bibi hakucheka. Alitazama tumbo linavyopanuka, akauliza mkono unawekwa wapi, akauliza magoti, akauliza kama lazima mtu alale au hata amesimama inafaa. Ndipo akakumbuka kudharau. "Enzi zetu hakukuwa na upuuzi huo," alisema, na kuinuka, na kuchukua kipande cha kitambaa alichokuwa amekikunja na kukikalia. Hakuwahi kukalia kiti bila kitambaa chini yake. Watu wa nyumbani waliona ni usafi wake tu.

Ikawa desturi yao. Kila Mwalimu akirudi kliniki, bibi alimsubiri na maswali, akiyafunga kwa dharau kama mtu anavyofunga samaki kwa gazeti. Alijua habari ya kuchuchumaa ukishikilia nguzo. Alijua habari ya mpira. Alijua kwamba miezi ya mwisho mlango wa kutokea mtoto husingwa kwa mafuta, ili ngozi izoee kutanuka, na kwamba mume anaweza kufundishwa kufanya hivyo. Aliposikia hilo la mume aliziba masikio kwa viganja, kisha akatoa kimoja. "Mafuta gani?"

Lakini mtu mwenye siri ya watu hawezi kukaa nayo bila kuwashwa. Siku moja alikwenda kwenye duka la mwanawe, akachagua kiti kilicho karibu na mlango wa nyuma kama kawaida, akasubiri.

Taratibu alikuwa na mzee mmoja kitini, povu hadi masikioni. Wembe ulipogusa shingo, mzee akawa mgumu kama ubao.

"Meno yasigusane, mzee," Taratibu alisema.

"Eh?"

"Acha nafasi ndogo kati ya meno. Usifungue mdomo. Acha tu yasigusane."

Mzee akaacha. Mabega yake yakashuka yenyewe na ngozi ya shingo ikalainika, na wembe ukapita. Ilikuwa ndiyo njia ya Taratibu na watu wote wanaoogopa wembe. Alikwisha kugundua kwamba ukimwambia mtu atulie, anazidi kuwa mgumu. Ukimpa kazi ya meno, anajisahau.

Mzee alipoondoka, mama alisema, "Mkeo anavuliwa nguo na mtu mgeni ili afundishwe kupumua. Na kuna kazi yako ya mafuta huko, ambayo sijui kama umeambiwa."

"Sijaambiwa kitu."

"Basi mimi sijasema kitu."

Taratibu alifagia nywele sakafuni muda mrefu kuliko zilivyohitaji. Aliumia. Kwa miaka minne mke wake alikuwa akimgeuzia mgongo akisema amechoka, na hii mimba yenyewe ilipatikana usiku mmoja ambao asubuhi yake Mwalimu aliamka na macho mekundu. Alikwisha kukata shauri kwamba amechokwa, na kwa kuwa hakuwa mtu wa ugomvi, aliishi nalo. Sasa akaona hata habari za mke wake za hospitali anazisikia kwa mama yake.

* * *

Siku ya kliniki Taratibu alifunga duka akamfuata mkewe. Hakujificha, alikaa kwenye benchi la korido kati ya wanawake wenye matumbo, magoti yake yakiwa hayana pa kwenda.

"Na wewe baba, unajifungua lini?" muuguzi akamuuliza akipita, na benchi zima likavunjika mbavu.

Mlango wa mwisho ulifunguka. Mwalimu alimwona, akapigwa na butwaa.

"Nani amekuambia uje?"

"Mama."

"Mama amekuambia nini?"

"Kwamba unafundishwa kupumua. Nimekuja kuuliza unaumwa nini."

Mtaalamu alitazama huku na huku. "Dada, ni ruhusa yako. Aingie au asiingie?"

Mwalimu alifikiri. Kisha akasema, "Aingie. Nimechoka kusema nimechoka."

Ndani ya chumba kile, mbele ya mtu baki na mfupa wa plastiki, Mwalimu alimwambia mumewe kile alichoshindwa kumwambia kitandani. Alimwambia habari ya chafya na sweta. Alimwambia kwamba akimkaribia anaumia, kama anayeguswa penye kidonda, na kwamba alinyamaza kwa sababu kila alipotaka kusema alijiona mwanamke mbovu. Aliongea akiangalia mkeka.

"Nilidhani umenichoka," Taratibu alisema.

"Mimi?"

"Miaka minne nimedhani hivyo."

Hakuna aliyemkumbatia mwenzake. Hawakuwa watu wa hivyo, na Mtaalamu alikuwa palepale. Lakini Taratibu alijifuta macho kwa ile taulo ndogo ya dukani aliyoisahau begani, akajipaka nywele za wateja usoni, na mke wake akamsogelea akaanza kuzitoa moja moja.

Mtaalamu alimwonyesha kinyozi kazi yake, ya mafuta na ya kukandakanda mgongo. Mikono yake haikuwa na shida, ilizoea ngozi za watu. Shida ilikuwa palepale: mara tu alipogusa kiuno cha mkewe, Mwalimu alibana, na Mtaalamu akasema, "Taya."

"Nimeachia."

"Hujaachia."

"Meno yasigusane," Taratibu alisema, kwa mazoea tu, kama angemwambia mteja. Na meno ya Mwalimu yakaachana. Mabega yakashuka. Mtaalamu, aliyekuwa na kiganja mgongoni mwake, akaguna.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Kwenye wembe. Mtu akiuogopa, ndivyo ninavyomwambia."

"Taya na huku chini hufuatana mara nyingi. Nimekuwa nikimwambia alegeze taya, anazidi kulikaza. Mwambie hivyohivyo kila siku. Na siku yenyewe umwambie."

* * *

Nyumba ikabadilika, ingawa hakuna aliyelitangaza hilo. Jioni Mwalimu alichuchumaa akishikilia mguu wa meza, Taratibu nyuma yake na kichupa cha mafuta mfukoni, na binti yao akiwaiga wote wawili. Kwenye mstari wa shule watoto waliona mwalimu wao amesimama mdomo nusu wazi, wakadhani ana mafua. Bado chafya nyingine zilimshinda. Nyingine hazikumshinda, na siku ya kwanza iliyopita kavu alijifungia stoo ya mipira akalia kwa furaha.

Ni binti aliyesema, wakila, "Hata Bibi anafanya."

"Anafanya nini?" Mwalimu akauliza.

"Anapumua. Jikoni. Anaweka mkono hapa."

"Nilikuwa natafuta chumvi," mama mkwe alisema.

"Chumvi iko mezani, Mama."

"Sasa ningeionaje, nami nilikuwa jikoni?"

Walicheka, naye akacheka, mkono mdomoni na miguu ameipishanisha. Mwalimu alimtazama miguu kidogo. Kitu kilimjia akilini, kikapita.

Uchungu ulimshika siku ya mapumziko baada ya chakula cha mchana. Taratibu alimkanda mgongo kwenye gari hadi hospitali, mama mkwe akiwa kiti cha mbele juu ya kitambaa chake, akisema maneno yake yaleyale, na Mwalimu akashuka akitembea mwenyewe. Mbele ya mlango wa wodi ya kujifungulia muuguzi alinyoosha mkono.

"Baba, wanaume mwisho hapa. Mle ndani wapo wengi na mapazia yenyewe hayafungi. Mwanamke mmoja anaweza kuingia naye."

"Mimi nimefundishwa," Taratibu alisema. "Muulize Mtaalamu."

"Nakuamini. Mwisho ni hapa."

Mwalimu aligeuka, na kwa mara ya kwanza siku ile meno yakagongana. Alishikwa na uchungu palepale mlangoni, wakamwingiza. Taratibu alimshika mama yake mkono.

"Ingia wewe, Mama."

"Mimi? Hapana. Mpigie jirani simu."

"Jirani ana saa nzima kufika. Ingia. Unayajua yote, umeuliza kila siku."

"Nitakaa mle mpaka lini?"

"Mpaka azae."

"Siwezi." Alitazama korido, upande huu na upande ule. "Choo kiko wapi hapa?"

"Mama, mke wangu anateseka, wewe unaulizia choo?"

Bibi alimvuta pembeni, ukutani, mbali na benchi. Alinyoosha kitambaa chake, akakikunja tena. "Nisikilize, wala usinitazame. Mimi sikai mbali na choo. Siwezi kusimama muda mrefu. Nikikohoa, nikicheka, nikichelewa kidogo tu, najilowesha. Tangu nikuzae wewe."

Taratibu alikuwa na mvi kwenye ndevu. Alizipima mvi zake na maneno ya mama yake, akaona siri hiyo ina umri wake mwenyewe. Akaona viti vyote vya karibu na mlango. Akakumbuka mazishi ya mama yake mkubwa, ambayo mama hakuyahudhuria kwa sababu alisema gari linamchosha, na jinsi ukoo mzima ulivyomsema kwamba ana roho ngumu, na yeye mwanawe akiwa miongoni mwa waliomsema. Aliona aibu. Kisha akamwona mama yake amebana mdomo mpaka kidevu kinatetemeka.

"Mama," alisema. "Meno."

Bibi alimtazama. Polepole, kidevu kikatulia.

"Ndivyo hivyo," Taratibu alisema. "Mwambie hivyohivyo."

Mama yake akampa mkoba wake, akaingia.

* * *

Bibi alisimama upande wa kichwani, kwa kuwa kiti hakikuwapo. Mkunga alikuwa mkali na mwepesi, mwenye wanawake wengine wawili wa kuangalia. Saa za kwanza zilikwenda vizuri: Mwalimu aliegemea kitanda, akayumba, akapumua hadi tumboni, na kila taya lilipofunga, vidole viwili vya mama mkwe vililigusa. "Meno yasigusane, mwanangu." Bibi aliomba ruhusa ya choo mara moja, akarudi mbio akitweta.

Kisha mkunga akaja na kukaa, akasema, "Sasa sukuma. Kaza, sukuma."

Lile neno. Mwalimu alilisikia, na mwili ukarudi miaka minne nyuma. Ukajifunga wote, ngumi, mapaja, shingo, meno. Mishipa ikamsimama. "Siwezi," alisema. "Kumefungwa. Mama, kumefungwa tena."

Na mama mkwe, dakika hiyohiyo, alihisi haja yake imefika. Aliutazama mlango. Choo kilikuwa mwisho wa korido.

"Mama, usitoke." Mwalimu alimkamata kifundo cha mkono.

"Sitoki."

Hakutoka. Aliinama, akaweka vidole vyake viwili kwenye taya la mkwewe, na kilichotaka kushuka kikashuka, cha moto, mapajani, kwenye soksi, kwenye viatu vyake vyeusi vya kwenda mjini. Alikuwa amekiogopa kitu hiki maisha yake yote ya utu uzima, kutokea mbele ya watu na taa zinawaka. Kilitokea, naye akabaki amesimama na kazi yake mkononi.

"Nitazame mimi," alisema. "Usimsikilize anayesema kaza. Meno. Acha yaachane. Hivyo. Vuta pumzi, ishushe mpaka kule. Hujaachia. Hujaachia, mwanangu, nakuona. Haya. Hapo. Hapo umeachia."

Mkunga aliinua uso kutaka kumkemea, kisha akaangalia kilichokuwa mbele yake. "Endelea hivyohivyo, bibi," alisema. "Usisukume sasa, dada. Pumua tu. Anakuja mwenyewe."

Alikuja mwenyewe. Mtoto wa kiume, na kelele zake. Mwalimu alichanika kidogo, nyuzi chache, akashonwa huku amemshika mwanawe kifuani, akimtazama.

Mfanyakazi wa usafi aliingia na ndoo. Alifuta upande wa miguuni, akazunguka, akasimama upande wa kichwani. "Haya maji ya huku ya nani?"

Mama mkwe alikuwa ameinamisha macho. Hapo ndipo Mwalimu alipotazama chini, akaviona vile viatu. Akakumbuka kitambaa cha kukalia, na miguu iliyopishana, na chumvi iliyotafutwa jikoni.

"Yangu," Mwalimu alisema.

Mfanyakazi alitazama kitanda, akatazama umbali wa kutoka miguuni hadi kichwani, akatazama viatu vya bibi. Akafuta, akaenda zake.

* * *

Mwalimu alipopona vya kutosha kurudi kwa Mtaalamu, wote walikwenda, mtoto akiwa mikononi mwa bibi yake. Bibi alikaa kwenye benchi juu ya kitambaa chake, akasema yeye ameleta mtoto tu. Alilisema kwa Taratibu, akalisema kwa muuguzi aliyepita, akalisema kwa mwanamke aliyekaa karibu naye ambaye hakuwa amemuuliza.

Mlango wa mwisho ulifunguka. "Karibu, dada," Mtaalamu alisema.

Mwalimu alisimama. Alimchukua mtoto kutoka mikononi mwa mama mkwe wake, taratibu, asimwamshe.

"Mama ataanza," alisema.

"Nani? Mimi na umri huu? Nimeleta mtoto tu." Lakini alikuwa ameshasimama. Alimtazama Mtaalamu. "Kwani mtu wa miaka yangu bado mnamkubali?"

"Tunamkubali."

"Si kwamba nina haja nayo," bibi alisema, na kuingia, na mlango ukafungwa.

Waliobaki walikaa. Taratibu alikiokota kile kitambaa, akakikunja vizuri akakiweka mapajani. Kuta za hospitali ile zilikuwa nyembamba, na haukupita muda sauti ya Mtaalamu ikasikika ikisema kaza, halafu achia.

"Nimeachia," mama mkwe akasema.

"Bado, bibi."

"Nimeachia, nakwambia."

Taratibu akajikohoza. "Meno, Mama," akasema kwa sauti kuelekea mlangoni.

"Na wewe unasikiliza nini huko?" mlango ukajibu, na Mwalimu akacheka, kwa sauti, amesimama katikati ya korido na mtoto begani, miguu mbalimbali.